Saa mbili na nusu au saa kumi? Safari ya gari Meksiko hadi baharini

Wengi walioziona picha wameniuliza maswali yale yale. Je, Mkenya anaweza kukodi gari Meksiko na kuliendesha mwenyewe? Ni salama? Ulitumia ramani gani? Nimeona heri nijibu mara moja, kwa urefu. Safari yenyewe ilikuwa Aprili 2024, siku tisa, kutoka Mexico City hadi Puebla, kisha Oaxaca, kisha Puerto Escondido kwenye Bahari ya Pasifiki. Garini tulikuwa watatu: mimi kwenye usukani, dada yangu mdogo anayesomea huko na anayejua Kihispania, na Mama, mwalimu mstaafu kutoka Kakamega.

Mama alitoa masharti mawili kabla hata hatujalipia gari. Hakuna kusafiri usiku. Hakuna kupita lori mahali usipoona mbele. Baba alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na alifia kwenye mteremko wa Salgaa mwaka 2008, saa nne usiku. Tangu hapo Mama husafiri mchana tu, tena huketi nyuma ya dereva ambako haoni barabara. Kwa hiyo mkisoma yanayofuata kuhusu saa na ramani, mjue hatukuwa tukibishana kwa kujifurahisha.

Mambo ya karatasi kwanza, niyamalize. Leseni yangu ya Kenya ilikubaliwa bila neno. Visa sikuhitaji, maana nina ya Marekani ambayo haijaisha na Meksiko huitambua. Mama aliomba yake kwenye ubalozi wa Meksiko jijini Nairobi. Jihadharini na bima. Bei nzuri unayoiona kwenye tovuti za kukodi magari mara nyingi haina bima ya kulipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine, na hiyo ni lazima kisheria katika barabara kuu. Ukifika kaunta bei inapanda. Uliza kabla.

Sasa barabara. Meksiko kati ya miji mikubwa mara nyingi utakuta njia mbili: ya kulipia, wanaiita cuota, na ya bure, libre. Aliyewahi kusimama Mombasa Road akitazama magari yakipaa juu kwenye Expressway anaelewa mara moja, ila huko mpango huu umeenea nchi nzima. Cuota ina ua, haina mbuzi, na risiti unayopewa kwenye kizuizi ni sehemu ya bima, kwa hiyo usiitupe. Libre inapita katikati ya kila kijiji, na kila kijiji kina matuta yake, topes. Mengine yana alama, mengine hayana rangi wala kibao, unayagundua kwa kichwa kugonga paa. Mama alianza kuyahesabu kwa sauti. Alipofika thelathini akaacha, akasema hawa watu wamesomea Kenya.

Kwa wanaopenda data: taasisi ya takwimu ya Meksiko, INEGI, inatoa bure data ya mtandao wa barabara wa nchi nzima, na juu yake imejenga huduma ya kutafuta njia inayoitwa Sakbé. Ni neno la Kimaya, maana yake barabara nyeupe, zile barabara za mawe na chokaa walizojenga Wamaya. Ukijiandikisha unapewa ufunguo, na programu yako inaweza kuuliza njia ya bure, njia ya kulipia, na jumla ya malipo ya vizuizi vyote. Niliandika skripti fupi ya Python usiku mmoja kulinganisha njia zetu. Serikali inayompa raia data ya barabara zake namna hii, hata mgeni anafaidi. Ningependa kuliona hilo kwetu.

Kutoka Mexico City, ambayo tayari iko mita 2,240 juu ya bahari, barabara inapanda hadi zaidi ya mita 3,000 kabla ya kushuka Puebla. Popocatépetl iko upande mmoja, volkano iliyo hai na ndefu kuliko Mlima Kenya. Siku ile ilikuwa ikitoa moshi mwembamba tu.

Puebla ilinifurahisha kama mtu wa tarakilishi. Wahispania waliuanzisha mji mwaka 1531 kwenye ardhi tambarare na wakauchora kwa miraba, na leo mitaa yake ya kati imepewa namba kwa kanuni. Kuna mhimili mmoja wa kaskazini-kusini na mmoja wa mashariki-magharibi, na inakutana kwenye kona ya uwanja mkuu. Mitaa ya upande wa mashariki ni namba shufwa, ya magharibi ni witiri. Barabara zilizo kaskazini ya mhimili ni shufwa, zilizo kusini ni witiri. Ukiambiwa 6 Sur na 5 Oriente, huhitaji ramani. Unajua uko kusini-mashariki, na unaweza kukadiria ni vitalu vingapi hadi hotelini. Anwani yenyewe ni kuratibu za grafu! Niliizima simu siku nzima na hatukupotea.

Mama yeye alivutiwa na Biblioteca Palafoxiana, maktaba iliyoanza mwaka 1646 pale askofu Juan de Palafox alipotoa vitabu vyake 5,000 kwa sharti kwamba yeyote anayejua kusoma aruhusiwe. Leo ina zaidi ya 45,000, kwenye rafu za mbao hadi darini. Alikaa humo kimya kama yuko kanisani. Akaniuliza kama vitabu vyangu vya kwenye mashine vitakuwa vinasomeka baada ya miaka mia tatu. Nilimwambia sina hakika hata na thelathini.

Puebla hadi Oaxaca ni kilomita 340 hivi, nyingi za kulipia, unapita bonde lenye msitu wa madungusi marefu kama nguzo za stima. Oaxaca pia ni mji wa miraba, uliopimwa na Alonso García Bravo, yule yule aliyepima Mexico City ya Wahispania. Majengo yake ni ya jiwe lenye rangi ya kijani, mafupi, kuta nene ajabu, kwa sababu ya mitetemeko ya ardhi.

Lakini niseme kweli, kilichotuweka Oaxaca siku moja zaidi ya tuliyopanga si makanisa. Ni mahindi. Mama amelima mahindi maisha yake yote na hapo sokoni alikuta ya buluu, mekundu, meusi, ya njano, kila moja na jina lake na kazi yake. Dada akatafsiri kwamba huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, ndipo yawe tortilla. Mama hakuamini, akaonyeshwa ndoo. Katika pango la Guilá Naquitz, karibu na Mitla, si mbali na mjini, wanaakiolojia walipata magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000, ya zamani mno. Nilipomwambia kwamba sima yetu ilianzia nchi hii, na kwamba kabla ya meli za Wareno hakuna Mluhya aliyewahi kuona gunzi, alinyamaza muda. Kisha akasema, "Basi tumekuja kusalimia wakwe." Panzi wa kukaanga nao walimpendeza. Alisema kumbikumbi wana mafuta zaidi.

Haya, sasa tufike kwenye lile suala la kichwa cha habari. Siku ya kwenda baharini tulichelewa, tukawa tayari saa saba mchana. Niliingiza Puerto Escondido kwenye kioo cha gari na kwenye simu. Gari likasema tutafika saa mbili na nusu usiku. Simu ikasema saa kumi jioni. Mama akaona vyote viwili. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje.

"Mashine mbili, majibu mawili. Ipi inadanganya?"

Tofauti ya saa nne na nusu si kosa dogo, na mwanzoni hata mimi nilisimama. Ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Meksiko ilifuta saa za kiangazi Oktoba 2022, isipokuwa kwa baadhi ya maeneo ya mpaka wa kaskazini. Ile hifadhidata ya saa za dunia inayotumiwa na karibu kila kompyuta ilirekebishwa siku hizo hizo, toleo la 2022f, na simu zetu zikapata marekebisho zenyewe. Gari hakuna aliyelirekebisha. Ilipofika Jumapili ya kwanza ya Aprili likasogeza saa yake mbele kama lilivyofundishwa kiwandani. Hiyo ni saa moja.

Saa tatu na nusu zilizobaki ni barabara. Tangu 2009 serikali ilikuwa ikijenga barabara mpya kupitia milimani, Barranca Larga hadi Ventanilla, kilomita 104. Ikakwama, ikaanza, ikakwama. Ilifunguliwa tarehe 4 Februari 2024, na safari iliyokuwa saa sita au zaidi za kona tupu ikawa chini ya saa tatu. Simu ilikuwa na barabara hiyo. Gari halikuwahi kuisikia.

Nilimweleza Mama hivi: hakuna inayodanganya, ila gari limebaki kwenye mwaka wake. Ni kama ile ramani ya ukutani darasani kwenu ambayo bado ilikuwa na Zaire. Hilo alilielewa haraka kuliko nilivyotarajia, lakini bado hakurudisha mguu. "Na hii simu, nani alipita akaona hiyo barabara ipo?" Swali halali kabisa. Mimi mwenyewe naandika programu na najua jinsi data inavyoingia.

Tukaenda kuuliza. Oaxaca kuna vibasi vidogo vya abiria wanavyoviita suburban, ni matatu kabisa, na hadi pwani vinakwenda kutwa nzima. Dada alimwuliza dereva mmoja aliyekuwa akifuta kioo. Alikuwa ameteremka kwa barabara hiyo alfajiri na kurudi. Ipo, nzuri, jazeni mafuta hapa hapa, na huko kati msitegemee mtandao wa simu. Mama akamtazama mikono, akatazama tairi za gari lake, akarudi kuketi. Safari hii aliketi mbele.

Barabara mpya ina njia moja kila upande, na bega pana pembeni. Inateremka, inaingia handakini, inatoka darajani, na chini ni korongo. Mtandao ulikatika kama tulivyoambiwa. Ramani nilikuwa nimeshaipakua. Kioo cha gari kilituonyesha tukielea milimani mahali pasipo na barabara, mshale mdogo wa buluu kwenye kijani kitupu, na kila dakika kikituomba tugeuze.

Katikati tukakuta lori la mizigo likijikokota. Baada ya kona moja dereva wake akasogea begani na kuwasha taa ya kushoto. Nilijua maana yake huko: pita. Tatizo ni kwamba taa ile ile ndiyo ya mtu anayetaka kukata kushoto, na kule kushoto ndiko katikati ya barabara. Nikasitasita.

Mama akasema, "Anakuruhusu. Baba yenu naye alikuwa akiwawashia ya kushoto. Ya kulia ilikuwa ya kuwakataza."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo kutoka kwake. Kwa miaka kumi na sita hatukuzungumza habari za kazi ya Baba barabarani. Kwetu tunaendesha kushoto, kwao kulia, lakini taa ya kuruhusu imeangukia upande ule ule. Nikauliza kama nipite. Akainama mbele, akatazama barabara iliyonyooka hadi mbali, haina gari, akasema, "Sasa." Nikapita. Dereva wa lori akapiga honi mara mbili fupi, na Mama akampungia mkono. Kutoka pale hadi pwani alikuwa akisimulia: jinsi Baba alivyojua madereva kwa honi zao, nani alimwachia chapati Mtito Andei, mzigo gani hakuupenda. Dada nyuma alikuwa ameacha kabisa kupiga picha.

Tulifika saa kumi na nusu kwa saa ya simu. Jua lilizama karibu saa moja kasorobo. Ufuo wa Zicatela una mawimbi ya kutisha, ni wa wachezaji mawimbi, msiingie kuogelea. Sisi tulikwenda ghuba ya wavuvi ambako maji ni tulivu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki, mweusi kama sisi, Mama alimwamkia kwa Kiswahili moja kwa moja. Magharibi ya hapo ni Costa Chica, nyumbani kwa Wameksiko wengi wenye asili ya Afrika. Katiba iliwatambua mwaka 2019, na sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza. Ikahesabu zaidi ya milioni 2.5 nchini kote. Walizungumza nusu saa, mmoja kwa Kihispania mwingine kwa Kiswahili. Dada alijitolea kutafsiri, wakamfukuza.

Kurudi Oaxaca nilikuwa tayari nimepanga barabara mpya. Mama akauliza ile ya zamani inapita wapi. Nikamwambia kupitia Pochutla, panda hadi San José del Pacífico, mawingu, kahawa, kona nyingi, saa sita au saba. Akauliza tukitoka saa kumi na mbili asubuhi tutafika lini. Mchana, nikasema.

"Basi tupite huko. Kwenye kona kama hizo lori haliwezi kukimbia."