Alhamisi ya Maji

Kwetu milimani, wilaya ya Same, maji yana zamu. Usiku tunaziba ndiva, bwawa letu la udongo, lijae polepole. Alfajiri mwenye zamu anazibua, na wakati huo mtoto wa mwenye zamu inayofuata ameshafika ukingoni, kajifunika kitenge, macho kwenye maji. Mara nyingi mtoto huyo nilikuwa mimi. Ndiyo maana niliposoma chuoni kitabu cha Elinor Ostrom cha mwaka 1990, kuhusu jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja, nikawakuta wakulima wa Valencia, Hispania, wanasimuliwa kama majirani zetu kabisa, nilitamani kuwaona kwa macho yangu.

Nilifika Jumanne jioni kwa treni kutoka Madrid. Umbali unaokaribiana na wa Same hadi Dar es Salaam tuliumaliza ndani ya saa mbili, na chai yangu haikumwagika hata tone.

Niliomba kwanza nionyeshwe Mto Turia, mama wa mifereji yote niliyoisoma. Mwenyeji wangu, mwalimu wa chuo kikuu, alinipeleka hadi kwenye daraja la mawe. Nikainama kuchungulia. Chini yake watoto walikuwa wanacheza mpira! Miti, nyasi, watu juu ya baiskeli, mto hakuna. Moyo ulinishuka kama mtu aliyefika msibani bila kuambiwa nani amekufa. Mwenyeji akanieleza: mafuriko ya Oktoba 1957 yaliuzamisha mji, basi wakauchimbia mto njia mpya upande wa kusini na mkondo wa zamani wakaufanya bustani. Maji ya mashamba huchepushwa huko juu, kabla mto haujafika mjini.

Jumatano tulikwenda Alboraya, mashamba yanayonyweshwa na mfereji wa Rascanya. Nchi ni tambarare kama mkeka. Mimi niliyezoea mfereji unaokumbatia mteremko, sikuelewa maji yanajuaje pa kwenda. Mshangao mkubwa zaidi ulikuwa kwenye zao lenyewe. Mkulima mmoja mzee alifukua udongo akanipa vipunje vya kahawia, nikavitambua papo hapo: ndugu wa ndago! Magugu yanayotuvunja migongo kwa jembe, wao wanayapanda, wanayanywesha, wanayasaga kuwa kinywaji cheupe kama tui. Nilikunywa bilauri mbili. Tamu, baridi, na mama yangu asingeamini.

Nilimuuliza mzee yule, kupitia mwenyeji, kila mtu hupewa saa ngapi za maji. Hakuna saa, alisema. Zamu ikikufikia, unachukua yanayolitosha shamba lako, bila kuyapoteza. Ukichelewa kufungua, zamu imekupita, subiri mzunguko mwingine. Wakati wa ukame masharti hukazwa. Na anayezidisha? Mfereji una mlinzi anayelipwa, lakini mzee alinyoosha kidole kwanza kwenye shamba la jirani: huyu ndiye anayefuata, anatazama. Nikaona kitenge changu.

Miaka kadhaa iliyopita mtaalamu mmoja alikuja kijijini kwetu akasema utaratibu wa ndiva ni mazoea tu, hauna elimu. Wazee walinyamaza. Jumatano ile nilitamani angekuwa amesimama nami pale Alboraya.

Alhamisi saa sita kamili, kengele ya kanisa kuu ikilia, wasimamizi wanane walitoka wakaketi duara mbele ya Mlango wa Mitume. Hii ndiyo Mahakama ya Maji. Wamevaa majoho meusi, lakini mikono ni ya jembe: ni wakulima, wamechaguliwa na wakulima wenzao wa kila mfereji. Hakuna wakili. Mashtaka hutolewa kwa mdomo, hukumu hutoka palepale, na haina rufaa. Msimamizi ambaye mfereji wake umehusika haamui. Hapo nilitikisa kichwa kwa furaha, maana nasi tumeona baraza ambamo mjomba anamhukumu mpwa.

Tarishi aliita mfereji mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama kuna walioshtakiwa. Kimya. Akaita mwingine. Kimya. Dakika chache tu, wakainuka. Nilibaki nimeduwaa: nimevuka bara zima na sikuona kesi hata moja! Ndipo nikawakumbuka wakulima 84 wa mifereji ya Benàger na Faitanar, niliowasoma kwa Ostrom, waliokutana mwaka 1435 kukubaliana kanuni zao. Kimya kile kilikuwa kimechukua karne nyingi kutengenezwa, na mimi nilikuwa nakilalamikia.

Usiku nilimpigia mjomba, mwenyekiti wa ndiva yetu. Nilimsimulia joho, kengele, ndago. Alisikiliza yote, kisha akauliza:

“Yule wa mwisho kabisa mferejini, mwanangu, maji yanamfikia?”

Sikuwa nimeuliza.

Ijumaa asubuhi nilirudi Alboraya peke yangu, nikaufuata mfereji kuelekea baharini, ukipungua upana hadi nikaweza kuuruka. Mwisho wake palikuwa na mwanamke mwenye viatu vya mpira, amesimama kando ya kilango kidogo cha chuma. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilionyesha mfereji, nikaonyesha shamba lake. Akacheka, akainua kilango, na maji yakapita katikati ya miguu yetu.