Manemane ndani ya bahasha

Kwenye kipindi cha Krismasi tulicheka sana tulipokuwa tunatajiana zawadi mbovu kuliko zote tulizowahi kupewa. Mimi nilitaja soksi. Nilidanganya. Zawadi iliyonitoa machozi ya hasira nilipewa na mama yangu mzazi, Krismasi ya mwaka juzi, sebuleni kwake Reading, na sikuwa tayari kuisema mbele ya maikrofoni.

Ilikuwa bahasha ya kaki. Mdogo wangu alishafungua ya kwake, sweta nzuri tu, kwa hiyo nikajua mimi nimepewa hela. Kumbe ndani mna kadi ya chama cha kufa na kuzikana, risiti za michango ya miaka sita zimebanwa kwa pini, na karatasi ya daftari yenye mwandiko wake ule wa kulala. Azikwe Muheza, pembeni ya bibi. Zitumike kanga zilizo kwenye sanduku la juu ya kabati, si zile za chini. Namba ya mjomba. Na jina langu, msimamizi.

"Mama, leo Krismasi jamani."

"Kwani mamajusi walileta nini?" Akarudi jikoni kuangalia pilau lake.

Sikumjibu. Sikula vizuri pia. Lakini usiku, kitandani, nikafungua Mathayo sura ya 2, nikitafuta namna ya kumshinda. Sikuipata. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu, wala hawaiti wafalme. Hesabu ya watatu imetokana na zawadi zenyewe: dhahabu, uvumba na manemane. Maana tunayohubiriwa mpaka leo ni ya zamani mno. Ireneo, askofu wa Lyon, aliiandika katika karne ya 2: dhahabu kwa sababu mtoto ni mfalme, uvumba kwa sababu ni Mungu, manemane kwa sababu atakufa na kuzikwa.

Kilichonikamata ni Isaya 60. Kule nako kuna ngamia na wageni wanaoleta zawadi kutoka mbali, dhahabu na uvumba. Manemane haimo. Unabii wote ni mwanga na utukufu, halafu Mathayo anatuwekea na kitu cha tatu.

Nisiwaonee mamajusi lakini. Manemane haikuwa ya maiti peke yake. Katika Kutoka imo kwenye mafuta ya kuwapaka makuhani, Esta na wenzake walipakwa mafuta yake miezi 6 kabla ya kupelekwa kwa mfalme, na kwenye Wimbo Ulio Bora ni harufu ya wapenzi. Mariamu angeweza kabisa kuipokea kama manukato na kushukuru. Sisi tunaoijua hadithi mpaka mwisho ndio hatuwezi. Tunajua msalabani watampa divai iliyotiwa manemane, ataikataa, na kwamba Nikodemo atakuja kaburini na manemane na udi, ratli kama mia.

Sasa uvumba. Neno hilo kwetu ni la kanisani tu. Nyumbani ni ubani, utomvu wa miti inayoota Dhofar kule Oman na upande wa Somalia. Gome linakwanguliwa, mti unatoka machozi, machozi yanakauka. Mama amekulia Muheza, Mwanglikana wa kanisa lililoachwa na wamisionari wa UMCA, watu wa chetezo na moshi, kwa hiyo harufu ya Jumapili yake na harufu ya nyumba za majirani zake Waislamu ilikuwa moja. Hapa Reading bado anafukiza mkesha wa Krismasi. Kazi yangu tangu utotoni ni kusimama juu ya kiti na taulo, nikipepea king'ora cha moshi kisilie.

Lakini si mnajua ubani una maana nyingine? "Umeshapeleka ubani?" Hapo hakuna anayezungumzia utomvu. Ni ile hela unayompa mfiwa mkononi, imekunjwa, bila maneno mengi. Ireneo alimpa Mungu uvumba na kaburi akalipa manemane, kila kitu mahali pake. Kiswahili kimechanganya. Nilipoligundua hilo ndipo nikaacha kumbishia mama moyoni: kwa lugha aliyonilea nayo, zawadi mbili kati ya zile tatu zina harufu ya msiba.

Na kwa kweli kifo chenyewe sicho kilichoniudhi. Ni Muheza. Mimi nimezaliwa hapa. Sebule ile ndipo nilipojifunza kusoma, na karatasi ya daftari inaniambia kwamba kwa mwenye nyumba ilikuwa kituo tu, basi linasubiriwa. Akishazikwa pembeni ya bibi, mimi nikitaka kupeleka maua itabidi nikate tiketi ya ndege. Nilimwambia hivyo, wiki kadhaa baadaye, kwa sauti ambayo sijivunii.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanikumbusha mama mmoja wa kanisani kwetu, ambaye mwili wake ulikaa mochwari wiki nzima na zaidi huku ujumbe wa WhatsApp ukizunguka, bado tunahitaji kiasi fulani, ndugu tujitahidi. Mwanae alikuwa anasimama mlangoni baada ya ibada. Nilikuwa nimemsahau.

"Sitaki upitishe bakuli, mwanangu," akasema. "Basi."

Wahubiri wanapenda kusema dhahabu ndiyo iliyokuwa nauli ya kukimbilia Misri. Inawezekana. Sijamsikia hata mmoja akiuliza manemane iliwekwa wapi. Mtoto hawezi kuishika. Mathayo anasema walimkuta mtoto pamoja na mama yake, hata Yusufu hatajwi pale, kwa hiyo mikono iliyopokea ni ya Mariamu. Aliipokea, akaitafutia mahali, labda juu juu ambapo mtoto hafikii, halafu akaendelea kunyonyesha. Alikuwa na mazishi ya mwanae ndani ya nyumba. Kwetu imekuwa kinyume, mtoto ndiye anayetunza ya mama, na sidhani kama yangu ni nzito kuliko yake. Naiweka kwenye droo ya hati za kusafiria. Pasipoti zote mbili nyekundu na bahasha ya kaki.

Januari hii nimejiunga na chama, pauni 10 kwa mwezi. Katibu alinitumia fomu, nikaijazia mezani kwa mama huku akimenya viazi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mtu wa karibu. Kuna kisanduku kinauliza mahali pa kuzikwa. Nikaandika R, nikaikata, nikakiacha.

Mama alichungulia. "Hicho hujajaza."

"Nitajaza."

"Kalamu ya wino, siyo penseli," akasema, akanisogezea bakuli la viazi nimsaidie.