Punje za Katikati

Babu na bibi hawakutoa taarifa. Mbwa alibweka upande wa korongo, mama akaacha anachokifanya, akatoka nje na kuweka kiganja juu ya macho, na sisi watoto tukajua. Mwaka 1989 nilikuwa na miaka saba, na picha ninayoikumbuka ni ya vichwa viwili vikichomoza polepole kwenye kilima, cha babu mbele, cha bibi nyuma na kibuyu cha samli mgongoni.

Walitoka Kainam, juu kwenye milima ya Mbulu. Wairaqw wengi wa Karatu tunasema huko ndiko kwetu, hata sisi tuliozaliwa huku Endamarariek na hatujui kupanda mlima bila kuhema. Walitembea siku nzima, wakalala kwa ndugu, wakatembea tena. "Saita," babu alisema akiwa bado nje ya boma, na salamu ilizunguka kwa kila mtu, mpaka kwa mtoto wa mgongoni, ndipo akakubali kukaa. Yeye tulimwita Aako. Bibi tulimwita Aama.

Hawakuja kwa ajili ya Krismasi. Nalirudia hili mara kwa mara kwa sababu wanangu hawaniamini. Walikuja kwa sababu kwao mbegu zilikuwa zimeshaingia ardhini na walitaka kuona sisi tumefika wapi. Kama hatujapanda, walipanda na sisi. Babu alivua koti, akashika plau nyuma ya maksai, nasi tukamfuata kwenye mtaro tukidondosha mahindi, hatua moja punje mbili, na aliyedondosha tatu alirudishwa kuokota. Krismasi ilitukuta na udongo kwenye kucha. Tulikwenda kanisani tumevaa gauni na mashati ya kitambaa kimoja, maana baba alinunua gora moja tu kwa hela ya maharage na fundi akatukatia wote humo. Tulipopanga foleni watu walidhani ni kwaya.

Bibi yeye alikaa mlangoni na rundo la mahindi yaliyokaushwa juu ya moshi wa jiko. Kila hindi alilipukuchua mara tatu. Punje za ncha aliziweka kando, za kitakoni kando, hizo za kuku. Za katikati, zilizojipanga sawasawa, zilikwenda kwenye ungo wa mbegu. Nilikaa naye hapo kwa sababu nilikuwa mdogo mno kuweza kufuata plau mchana kutwa. Hadithi zake zote nilizisikia zikiwa zimechanganyika na mlio wa punje zikigonga ungo. Sikumbuki hata siku moja aliyoniita akasema, njoo nikusimulie.

Na siku ya kuondoka haikuwepo. Asubuhi moja tuliamka, fimbo ya Aako haipo pembeni ya mlango.

Halafu ramani ikaanza kubadilika. Katika miaka ya 1990 Karatu ilikatwa kutoka Mbulu ikawa wilaya yake, na mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha. Kainam ikabaki Manyara, sisi tukabaki Arusha. Babu, ambaye wakati huo alishaacha kutembea umbali huo na alikuja kwa lori la mizigo, alitania kwamba safari inayofuata atahitaji pasipoti. Hakuna safari nyingi zilizofuata.

Lami nayo ilifika Karatu miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000, ikitoka Makuyuni kuelekea lango la Ngorongoro. Ilijengwa zaidi kwa ajili ya magari ya watalii kuliko sisi, lakini sisi ndio tuliopanda basi tukaondoka. Niliolewa na dereva wa watalii, tukapanga nyumba Arusha, maeneo ya Sombetini. Hapo ndipo ziara ikabadilika sura: badala ya sisi kurudi nyumbani, wazee ndio wanaopanda basi kutufuata mjini.

Sababu ni Desemba yenyewe. Mvua za vuli zikianza, majani mafupi huchipua kule Ndutu, nyumbu hushuka kuyafuata, watalii huwafuata nyumbu, na mume wangu huwafuata watalii. Hajawahi kupata likizo ya Krismasi. Kila wiki anapita Karatu mjini, anaiona barabara ya vumbi inayokwenda kwa wakwe zake, anapiga honi kidogo na kuendelea na safari, kwa sababu wageni wamelipia siku zao. Kwa hiyo mama huja kwetu wiki mbili kabla ya sikukuu, shule zikishafungwa, watoto wakiwa nyumbani wanatafuta cha kuharibu. Anashuka kutoka Endamarariek kwa Noah iliyobanana, anapanda basi Karatu, na pale Mto wa Mbu ananunua ndizi nyekundu dirishani. Mama huja peke yake. Baba anabaki, kwani ng'ombe hawana likizo. Zamani babu na bibi waliweza kuja wote wawili kwa vile wajomba walibaki na mifugo. Wajomba hao siku hizi wako Dar es Salaam na Babati.

Mwaka 2017 hakuja. Mbaazi ndiyo hela ya mwisho wa mwaka kwa watu wetu: inavunwa mahindi yakishatoka shambani, inauzwa, na humo ndimo zinamotoka ada, viatu na nauli. Mwaka huo India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, ilibana uingizaji wa mbaazi na bei ikaanguka mpaka wengine wakaziacha ghalani. Nilimtumia mama nauli kwa M-Pesa. Aliirudisha ileile, na makato juu yake. "Mwanangu, nije mikono mitupu nikamwangalie mtoto usoni?" Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anaanza kusimama. Alisimama, akatembea, akakimbia, bibi yake akiwa hajaona. Nilimkasirikia mama kwa muda mrefu, na sasa naona nilikosea. Nilidhani ziara ni kufika. Kwake ziara ilikuwa ni kuja na kitu na kufanya kitu.

Maana nimemwona akiwa kwetu bila kazi. Miaka kadhaa tulimfanya mgeni wa heshima: kaa hapa mama, pumzika, tutakuletea chai, dada atafua. Alikaa kwenye kochi mikono imelala mapajani. Watoto walimsalimia, wakampa shikamoo, wakarudi kwenye katuni. Alimtania kijana wangu kwa kumwita "mume wangu", kijana akaona haya, basi, ikaishia hapo. Siku ya tatu aliuliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.

Mwaka jana mvua ilichelewa. Mama alishuka kwenye bodaboda na mfuko wa salfeti, na kabla sijaupokea nilijua kwa uzito wake ni nini. Mahindi, yako kwenye magunzi. "Huko bado ni kukavu," alisema. "Nimekuja na kazi yangu." Baba siku hizi hununua mbegu za dukani kwa shamba la chini, lakini kipande cha nyuma ya nyumba mama hakiachii, hapo panapandwa mahindi yaleyale ya mama yake.

Akakaa mlangoni, kwenye ngazi ya saruji. Binti yangu wa miaka minane akaja, kisha mdogo wake wa mitano. Za ncha, kuku. Za kitako, kuku. Kuku wenyewe hatuna, wakafurahi zaidi: wakawamwagia wa jirani juu ya ukuta. Dole gumba likamuuma binti, bibi akamwonyesha kupukuchua kwa kutumia gunzi jingine. Nikiwa jikoni nikasikia hadithi ya fisi, ileile ya Aama, inaanzia katikati kama ilivyokuwa inaanzia zamani. Siku tisa nzima televisheni iliwashwa kwa taarifa ya habari tu. Jioni ya nane walipanda punje nne kwenye kopo la rangi, wakaliweka kibarazani.

Simu ya mama tulimnunulia sisi, ili tumpate kirahisi tukitaka aje. Tarehe 21 alfajiri iliita. Jirani: imenyesha usiku kucha, mtaro umejaa. Kabla sijachemsha maji mama alikuwa ameshafunga salfeti. Nilimwambia zimebaki siku nne tu. Akaniangalia kama nimesema jambo la kitoto. Mchana mume wangu alipiga kutoka Ndutu kwa sauti ya furaha, mvua imeshuka, nyumbu wamejaa mpaka upeo wa macho, na hatarudi kabla ya mwaka mpya.

Krismasi tulikuwa watatu na pilau ya watu wanane. Mama alipiga saa tisa, nyuma yake nasikia baba anawaswaga maksai. Sikusikia Krismasi njema. Alimtaka binti, na nikaweka simu sauti ya juu.

"Zimeota?"

Binti akashuka kwenye kiti na simu mkononi, akaenda kibarazani kuangalia.