Macho ya Mjomba Hayakuwa na Kosa

Nilimwambia mjomba wangu, mwalimu mstaafu anayeishi Khayega, karibu na mji wa Kakamega, kwamba macho yake yameanza kuchoka. Alikuwa akiniuliza kila tunapoonana kwa nini picha ya runinga yake mpya ina ukungu, nami sikuwa na jibu, basi nikamtupia yeye lawama. Akaniamini. Akaenda kupimwa macho, akanunua miwani, akarudi kuketi mbele ya runinga, na ukungu ukawa uleule. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza. Yeye mwenyewe ameniruhusu nilieleze.

Runinga ile ya inchi 43 ililetwa na watoto wake kutoka Nairobi kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, mwaka 2022. Kabla ya hapo alikuwa na runinga ndogo ya Great Wall yenye mgongo, eria juu ya mlingoti wa mkalitusi, na king'amuzi cha chaneli za bure alichokinunua mwaka 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa. Wengi wetu tunakumbuka Februari ile, NTV, KTN na Citizen zilipotoweka hewani wenye vituo wakizozana na serikali, hadi zikarudi mwezi Machi. Katika ukoo wetu simu ikigoma naitwa mimi, redio ikikwama naitwa mimi. Binamu zangu wakanipigia: chagua huduma yenye picha nzuri kuliko zote, bei isikusumbue. Mimi sikujiuliza ni nani angelipa kila mwezi. Alilipa mzee, kwa pensheni yake.

Nilikwenda duka moja mjini Kakamega. Ukutani palijaa runinga zinazoonyesha samaki wa rangi na maua yenye umande, picha safi hadi mtu anataka kunyoosha mkono aguse. Nikauliza hiyo ni huduma gani. Muuzaji akanionyesha dishi na mojawapo ya vifurushi vya juu, nami nikakubali papo hapo. Sikuuliza picha ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya runinga, video ya 4K iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzia runinga. Mwanga na rangi vilikuwa vimepandishwa hadi mwisho ili vishinde taa za duka. Nilikuwa nalinganisha huduma bila kuiona hata moja.

Jambo la pili lililonivuta ni wingi wa chaneli. Niliamini kwamba huduma yenye chaneli nyingi lazima iwe na picha bora. Ukweli huweza kuwa kinyume chake. Chaneli kadhaa hugawana nafasi moja ya masafa, na kadiri mwenye mtambo anavyozibana ili ziingie nyingi, ndivyo kila moja inavyopata haba. Mbano ukizidi, unauona kwenye mpira: kamera ikikimbia, nyasi za uwanja zinapoteza majani yake na kuwa kama uji. Chaneli chache zilizopewa nafasi ya kutosha zina picha nzuri kuliko mamia yaliyosongamana.

Fundi alikuja akafunga dishi. Huku kwetu dishi la aina hiyo huelekea karibu juu kabisa, kwa sababu setilaiti za Eutelsat zilizo kwenye nyuzi 36 mashariki ziko karibu na utosi wa Kakamega, mji ulio karibu nyuzi 35 na hatua chache tu kaskazini mwa Ikweta. Nilipenda kuwaeleza majirani jambo hilo, nikionekana mjuzi. Picha ikaja. Wachezaji walikuwa wanene, nyuso zimepanuka, na matokeo yaliyo pembeni mwa skrini hayasomeki ukiwa kwenye kiti. Nikatangaza kwamba mawimbi ni hafifu, nikaagiza dishi kubwa zaidi. Mjomba akalipa. Kipimo cha mawimbi kilipanda kweli, lakini picha haikubadilika hata kidogo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama nifikiri. Wakati wa analojia mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga, yakiongezeka chenga zikaondoka, kwa hiyo kuzungusha eria kulikuwa na maana. Dijitali haifanyi hivyo. Mawimbi yakitosha, picha ni ileile hata yaongezeke vipi. Yasipotosha, picha hukatika vipandevipande au hupotea. Ukungu wa kudumu, usiobadilika asubuhi wala jioni, hautoki kwenye dishi. Mimi nilikuwa natibu ugonjwa wa zamani. Dishi liliposhindwa nikamshauri apande kifurushi, kwamba huenda cha juu zaidi kina HD ya kweli. Alipopanda bila mafanikio, nikabaki na jambo moja tu la kusema, nikalisema: macho.

Ukweli ulifichuliwa na radi. Mvua za mchana za Kakamega haziji kimya, na siku hiyo umeme uliunguza king'amuzi. Akaja fundi mwingine, kijana mdogo, na king'amuzi kipya. Kabla ya kufungua sanduku alichungulia nyuma ya runinga, akauliza ni nani aliyetumia nyaya hizi: wa njano, mwekundu na mweupe. Waya wa njano ndio uliobeba picha, nao hauwezi kupitisha HD, uwe umelipia kifurushi gani. Runinga ya Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla zaidi ya milioni 2. Picha ya kawaida ya dijitali ina 720 kwa 576, laki nne na kidogo. Kwa hiyo runinga ya mjomba ilikuwa ikipokea sehemu moja kati ya tano ya nukta zake na kuzibuni nne zilizobaki. Great Wall ilisitiri kasoro hizo kwa udogo wake. Inchi 43, katika sebule ambayo kiti hakiko mbali na skrini, zinauanika kila upungufu.

Kijana akaniuliza kama king'amuzi cha kwanza kilikuja na waya wa HDMI. Kilikuja nao. Mimi ndiye niliyeuona, nikaudhani ni wa ziada, nikauweka kabatini ndani ya mfuko wake.

Akauchomeka. Akaingia kwenye menyu, akatoa 576 akaweka 1080, akaondoa mpangilio uliokuwa ukivuta picha kujaza skrini, kisha akapunguza rangi zile kali za dukani ambazo hakuna aliyezigusa tangu runinga itoke kwenye katoni. Mjomba alivua miwani akasoma kwa sauti dakika, matokeo na majina ya wachezaji waliokuwa wakiingia. Nami nikasema, "Mjomba, king'amuzi hiki kipya ni bora kuliko kile."

Huo ulikuwa uongo, na unanichoma kuliko ule waya. Kutojua nyaya ni kutojua tu. Lakini wakati ule nilikuwa nimeshajua, na mzee alikuwa ameshika miwani mkononi, nami nikachagua kulinda jina langu.

Baadaye nilikichukua king'amuzi chake cha zamani cha bure, nikakiunganisha kwa HDMI na eria ileile ya mlingoti. Taarifa ya habari ya saa moja jioni, anayoitazama kuliko kitu kingine chochote, haikuwa na tofauti niliyoweza kuiona na ile ya kwenye dishi. Tena mvua kubwa ikinyesha, dishi hupoteza picha kwa sababu mawimbi yake hunyonywa na matone, ilhali eria huendelea, na eneo la Msitu wa Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sisemi huduma za kulipia ni hadaa. Anayetaka ligi za Ulaya kwa HD atalipa na ataona tofauti, mradi waya na mpangilio viwe sawa. Anayetaka kutazama kwa intaneti naye ajue kwamba HD inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde zisizoyumba, na 4K kama 15. Mjomba hakuhitaji hayo. Alihitaji habari, mechi za timu ya taifa, Harambee Stars, na kujua klabu ya Ingwe imefanya nini.

Nilimweleza nyumbani kwake, mkewe akiwepo, kwa sababu naye alikuwa amemshika mkono kwenda kupimwa macho. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kuhusu dishi wala kifurushi. Aliuliza, "Mpwa wangu, kwa nini ulisema ni macho?" Nikamjibu kwamba ilikuwa rahisi kwangu kuona kasoro kwa mzee kuliko kukubali kwamba sijui. Alinyamaza, kisha akamwambia mkewe alete chai.

Si mjomba peke yake: katika chama chetu pia wapo waliofuata ushauri wangu wa kununua dishi na kupanda vifurushi. Nimezipitia nyumba zao nikiwa na waya mkononi. Baadhi walikuwa na nyaya za rangi kama za mjomba, wengine waya ulikuwa sawa lakini menyu iko bado kwenye 576. Mmoja alinikasirikia, na haki ni yake.

Mjomba ameshuka hadi kifurushi cha chini, na eria iko juu ya mlingoti. Pesa ya dishi kubwa nimemrudishia. Tofauti ya vifurushi kwa miezi yote ile nalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na bado sijamaliza.