Kasi Niliyoilipia Bila Kuiona

Ikiwa nyumbani kwako mna intaneti ya kulipiwa kila mwezi, huenda nawe umewahi kumgombeza mtoto asiye na hatia. Mimi nimewahi.

Ilikuwa mwaka 2020, vyuo na shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na binti yangu akawa anasomea chumbani mwake. Siku moja, katikati ya mtihani wa mdomo mbele ya mhadhiri wake kwenye kompyuta, picha iliganda na sauti ikakatika. Aliporudi hewani, muda wake ulikuwa umekwisha. Alilia sana. Nami nikamgeukia kaka yake wa kidato cha tatu, nikamwambia kwamba michezo yake ya video ndiyo iliyotumaliza, nikampokonya simu. Kisha nikaiomba kampuni itupandishe kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, kwa shilingi 1,500 zaidi kila mwezi.

Hebu nikuulize, megabiti 10 ni kitu gani hasa? Mimi nilidhani ni faili ya megabaiti 10 kuingia kwa sekunde moja. La hasha! Biti nane ndizo hufanya baiti moja. Kampuni hutangaza kasi kwa biti, ilhali kompyuta yako huhesabu faili kwa baiti. Kwa hivyo megabiti 10 ni megabaiti moja na robo tu, na filamu ya megabaiti 700 itakuweka zaidi ya dakika tisa hata mambo yakienda vyema. Isitoshe, nambari inayotangazwa aghalabu ni ya kupokea. Kasi ya kutuma, ile inayobeba sura na sauti ya mwanao hadi kwa mwalimu, huwa ndogo zaidi kwenye intaneti ya kebo. Uliza zote mbili kabla ya kutia sahihi.

Nililipa nyongeza hiyo miezi minne, na chumbani mwa binti mambo yakabaki yale yale. Hatimaye nilimwita fundi. Alichomeka kompyuta yake kwenye modemu kwa waya, akapima: megabiti 19. Akaenda chumbani, akapima bila waya: mbili!

"Mzee, kasi yako yote iko hapa sebuleni," akaniambia. "Hizi kuta za mawe ndizo zinaimeza."

Modemu yenyewe ilikuwa kuukuu, na mama watoto alikuwa ameifungia ndani ya kabati la runinga kwa kuwa taa zake zilimkera. Waifai yake ilitumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ambayo hupenya kuta vizuri kiasi, lakini ndiyo hayo hayo yanayong'ang'aniwa na majirani wote wa ploti, hata na jiko la maikrowevu. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila huchoka upesi yakikutana na mawe. Tulinunua modemu yenye masafa yote mawili, tukaiweka juu ya rafu kwenye ujia, na fundi akapitisha waya hadi mezani pa binti. Alipopima pale mezani, alipata megabiti 18.

Nawe ukienda dukani, kwanza tazama ni waya gani unaoingia nyumbani mwako. Modemu ya kebo huchomekwa waya mnene wa mviringo, kama ule wa antena ya runinga, na haifai kitu kwa nyumba iliyoletewa nyaya za kioo. Pili, uliza kampuni kama itakubali kuisajili, kwani isiposajiliwa itakuwa pambo tu. Fauka ya hayo, usidanganywe na nambari kubwa kwenye katoni: modemu ya kasi ya ajabu haiwezi kukupa zaidi ya kifurushi unacholipia. Na ikiwa intaneti huzorota saa mbili usiku hata kwa waya, basi lawama si ya kuta, kwa maana laini ya kebo hutumiwa kwa pamoja na majirani.

Tulirudi kwenye megabiti 10, na binti yangu akamaliza muhula bila kukatika tena. Kijana nilimrudishia simu yake, nikamwomba radhi mbele ya dada yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa Baba, zile 1,500 za kila mwezi zinaenda wapi?"