Okota Kidogo, Rudi Nyumbani

Wapo wapenzi wanaokutana baa, wapo wanaokutana ufukweni. Mimi na mume wangu tunakutana barabarani, Ijumaa usiku, kila mmoja na jiwe mkononi! Usishtuke msomaji. Yeye kikazi yuko Mbeya, mimi niko hapa Mlandege, Iringa, na barabara yenyewe imo ndani ya kompyuta, kwenye gemu linaloitwa Rust.

Kwa wasiolijua, ni gemu la kampuni ya Uingereza, Facepunch Studios, lililotoka rasmi mwaka 2018. Unaanza huna nguo, una jiwe na mwenge tu. Wachezaji wengine kibao wamo humo humo, na yeyote anaweza kukuua akachukua ulicho nacho. Miti na mawe vitakupa kibanda, lakini maendeleo yako barabarani. Kandokando kuna mapipa. Ukiyavunja yanatoa skrapu, magia, springi, kamba na maturubai. Vingine unavipeleka kwenye mashine ya kuchakata, vinageuka skrapu na chuma. Skrapu ndiyo pesa ya humo. Na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi ramani hufutwa, wote mnaanza kujenga upya.

Sasa barabarani ndipo unapomjua mtu. Mume wangu akivunja mapipa matano anataka turudi tukaweke sandukuni. Mimi jicho liko kwenye la sita kule mbele, na la saba. Kila pipa linakuita, na kadiri mzigo unavyokua ndivyo unavyotamanisha wezi.

Usiku mmoja umeme ukakatika Mlandege tukiwa katikati ya barabara. Kwenye Rust ukitoka hupotei, mwili wako unabaki umelala palepale na mzigo wako. Nikampigia simu.

"Bado uko na mimi hapo?"

"Hapana mke wangu, nimebeba vyote, nakimbia nyumbani."

"Umeniacha nimelala barabarani?"

"Wewe utaamka tena. Magia yakienda yameenda!"

Nilinuna, si utani. Umeme uliporudi nilikuwa nimeshauawa, nikaanza upya na jiwe langu. Kufika kibandani, sandukuni mzigo wote upo, wangu na wake, na juu yake ameniwekea nguo na mkuki. Angeweza kusema tumeporwa, na nisingejua kamwe.

Hapo ndipo kununa kukaisha. Sisi tuna miji miwili, mishahara miwili na kiwanja kimoja tunachokilipia kidogo kidogo. Wiki nzima simwoni anachofanya, wala yeye hanioni. Ndoa ya namna hii inashikiliwa na jambo moja: kila mtu alete nyumbani alichookota, hata kama mwenzake amelala.

Kwa hiyo wewe unayeanza maisha na mwenzi wako, msiende mbali kabla ya kuweka akiba. Kubalianeni mapema nani atabeba nini mambo yakiharibika. Halafu jiulize: leo ukizimikiwa na umeme katikati ya barabara, mzigo wako utaukuta wapi?