Hawezi, au Hajaweza?

Kila mwisho wa muhula, watoto wanaporudi nyumbani na ripoti zao mikononi, husikika katika nyumba zetu maneno mawili. La kwanza ni la sifa: "Huyu ana kichwa." La pili ni la huzuni: "Huyu kichwa chake ni kizito." Maneno hayo hutamkwa mbele ya watoto wenyewe, tena mara nyingi mbele ya wageni na chai ikiwa mezani, kana kwamba twazungumza habari za ng'ombe wawili, mmoja wa maziwa mengi na mwingine mkavu. Mtoto husikia, hunyamaza, huondoka. Sisi wazee twaendelea na chai yetu. Nataka kusema machache juu ya maneno hayo, maana nina watoto watatu, na wawili kati yao wamekwisha kupachikwa majina hayo na jamaa wenye mapenzi mema.

Lugha yetu ya Kiswahili ina jambo moja zuri ambalo hatulitumii vya kutosha. Mtu akitaka kukanusha, anazo njia zaidi ya moja. Akisema "hawezi," amefunga mlango. Akisema "hajaweza," ameuacha wazi, maana ile silabi ndogo ya "ja" yaonyesha kwamba jambo halijatokea lakini latazamiwa. Hajafika, hajala, hajaelewa. Hata ukimwuliza mtu kama ameoa, adabu ya lugha yamtaka ajibu "bado," ijapokuwa ana miaka 60 na hana nia yoyote ya kuoa. Waingereza, ambao lugha yao niliisoma kwa taabu katika shule ya misheni, hapana budi waongeze neno zima ili wapate maana hiyo. Na kumbe yuko mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye amejulikana sana kwa kuwahimiza wazazi na walimu wa kwao waliongeze neno hilo. Kitabu chake mashuhuri kilichapishwa mwaka 2006. Asema kwamba wako watu waaminio kuwa akili ni kipimo alichopewa mtu mara moja, kama urefu wa mwili, na wako waaminio kuwa akili hukua kwa kazi, kwa mbinu nzuri na kwa msaada wa wengine. Na kwamba imani hizo mbili huwafanya watu wapokee shida kwa namna mbili mbalimbali.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona ni hekima ya kawaida tu, ya kuwapendeza wenye nafasi. Kilichonifanya niisome tena ni jaribio moja ambalo bibi huyo, pamoja na mwenzake Claudia Mueller, walilitangaza mwaka 1998. Waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya kupanga maumbo. Mafumbo ya kwanza yalikuwa mepesi, na watoto wote wakaambiwa wamefanya vizuri. Kisha wengine wakasifiwa kwa akili zao, na wengine wakasifiwa kwa bidii yao. Sentensi moja tu, basi. Baadaye walipoulizwa wangependa kazi ya namna gani, wengi wa wale waliosifiwa kwa akili walichagua kazi ambayo ingewaonyesha kuwa hodari, na karibu wote waliosifiwa kwa bidii walichagua kazi ambayo wangejifunza kitu. Wakapewa mafumbo magumu, yakawashinda. Wakapewa tena mepesi kama ya kwanza: waliosifiwa kwa bidii wakafanya vizuri kuliko mwanzo, na waliosifiwa kwa akili wakafanya vibaya kuliko mwanzo.

Lakini lililonishtua hasa ni hili. Watoto waliambiwa wamwandikie mtoto wa shule nyingine, wasiyemjua na wasiyemtazamia kumwona, alama walizopata. Kati ya waliosifiwa kwa akili, 38 katika kila 100 waliandika uongo. Kati ya waliosifiwa kwa bidii, walikuwa 13. Fikiri, msomaji. Hakuna fimbo, hakuna zawadi, hakuna baba nyuma ya mlango. Ni sifa tu.

Binti yangu mkubwa ndiye aitwaye "kichwa" katika ukoo wetu. Tangu darasa la kwanza alikuwa akishika nafasi za mbele, na mama yangu, yaani nyanya yake, huwaambia watu kanisani kwamba mtoto huyu amerithi akili za babu yake. Mwaka alipoingia Gredi ya 8, mke wangu, alipokuwa akitandua kitanda, alikuta chini ya godoro karatasi ya jaribio la sayansi yenye alama 11 katika 30. Binti yetu alikuwa ametuambia kwamba karatasi hazijarudishwa. Mama yake alimwita jikoni akamwuliza kwa upole kwa nini ameificha. Hakusema kwamba aliogopa kupigwa, wala hakumtaja baba. Alisema, "Nyanya atasemaje?"

Wahenga walisema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Sijui kama walifikiri juu ya mtoto wa namna hii, lakini neno lao lamfaa. Mtoto aliyeambiwa miaka minane kwamba ana akili ameshika mali ambayo hakuitafuta na hajui jinsi ya kuiongeza. Kazi yake imekuwa kuilinda isije ikaonekana kuwa imepungua. Swali gumu kwake ni mwizi. Kwa hiyo huwa namwogopea mtoto asifiwaye sana kuliko wanavyomwogopea wengine, na najua kwamba katika jambo hili wengi hawatakubaliana nami.

Sasa, mimi si mtu wa kumwambia mama yangu mzazi jinsi ya kumsifu mjukuu wake. Jambo hilo halifanyiki kwetu, wala sitaki lifanyike. Nilichofanya ni kumwomba siku moja, tulipokuwa tumeketi nje, amsimulie binti yangu jinsi alivyojifunza kusuka kiondo. Mama alicheka, akasema kwamba kiondo chake cha kwanza kilifumuliwa na mama yake mara tatu, na mara ya tatu alilia akakitupa katika shamba la viazi. Akaeleza jinsi kitako kilivyokuwa kikipinda kwa sababu alikuwa akivuta nyuzi za upande mmoja kwa nguvu zaidi, na jinsi shangazi yake alivyomshika mikono akamwonyesha. Binti yangu alimwuliza maswali mengi. Mwishowe mama yangu, ambaye hajapata kusikia habari za Stanford, alimwambia, "Mkono haukuzaliwa unajua." Tangu siku hiyo, kanisani bado amsifu, lakini nimemsikia akisema, "Huyu hujitahidi," na mara nyingine bado asema habari za babu. Nami nimenyamaza.

Mwanangu wa pili ndiye aitwaye mzito. Yuko Gredi ya 5. Katika ripoti zao za siku hizi hawaandiki nafasi ya kwanza wala ya mwisho kama ilivyokuwa zamani. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mpango mpya wa masomo una madaraja manne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Nayapenda maneno hayo, hasa neno "kukaribia," kwa maana lina mwendo ndani yake. Walakini karatasi haiwezi kumshinda mzazi. Nimewaona wazazi wakiisoma ripoti hiyo mpya na kuuliza papo hapo, "Kwa hiyo amekuwa wa ngapi?" Mwanangu katika hesabu alikuwa mbali na matarajio, na baba yake mkubwa, aliyekuja kututembelea, alisema mbele yake, "Usijali kijana, hesabu haiko katika damu yetu. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Alisema kwa kumfariji. Mtoto alifarijika kweli, na kwa muda wa majuma mawili hakufungua daftari la hesabu. Kwa nini alifungue? Mtu mzima amekwisha kumpa cheti cha daktari.

Neno hilo la damu lanikera kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1934 daktari mmoja wa Nairobi, F. W. Vint, alichapisha katika jarida la wataalamu la Uingereza makala juu ya ubongo wa wenyeji wa Kenya, akidai kwa mizani na vipimo kwamba ni mdogo kuliko ule wa Mzungu. Wako waliolishika dai hilo katika kubishana kama yafaa kumpa Mwafrika elimu ya juu. Watoto na wajukuu wa watu wale wale waliopimwa walipofunguliwa mlango wa shule, walitokea kati yao madaktari, mahakimu na maprofesa, na mizani ile ikasahauliwa. Babu zetu hawakuwa na njia ya kujibu. Sisi tunayo. Basi ni ajabu kuona mtu ambaye babu yake alipimwa hivyo akikaa kitini, katika nyumba aliyoijenga kwa elimu yake, na kumpima mwanawe kwa mizani ile ile.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Wako watu waliolichukua fundisho hili na kuligeuza kuwa nyimbo tu. Mtoto akikosa, wamwambia, "Hongera kwa kujitahidi," kisha wamwacha akiwa hajui alilokuwa hajui. Bibi Dweck mwenyewe alilazimika kuandika mwaka 2015 akiwaonya walimu kwamba bidii peke yake si shabaha; mtoto aliyekwama ahitaji mbinu mpya na mtu wa kumsaidia. Tena, jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2019, la wanafunzi wapatao 12,000 wa shule za sekondari za Marekani, lilionyesha kwamba somo fupi juu ya akili inayokua liliwafaidi wale wenye alama za chini, lakini faida yenyewe ilikuwa ndogo. Si dawa ya kila ugonjwa. Mtoto aliyekwenda shule bila kula, au anayesoma kitabu kimoja na wenzake watano, haponi kwa kuambiwa kwamba ubongo wake hukua. Baba apaswaye kununua kitabu na akatoa methali badala yake amefanya udanganyifu.

Na sisi akina baba wa huku tuna shida yetu ambayo wataalamu wale hawakuiandikia sana. Wao wauliza jinsi baba anavyomsifu mtoto. Wengi wetu hatusifu kabisa. Tulilelewa na baba waliorudi jioni, wakauliza kama ng'ombe wamenyweshwa, wakala, wakalala. Upendo wao ulikuwa karo. Kwa hiyo kwetu maneno ya kutazama zaidi ni yale ya kukemea, maana ndiyo tuliyo nayo kwa wingi. "Mjinga wewe" ni hukumu. "Hapa umeruka hatua" ni maelezo, na yaweza kusemwa kwa sauti kali vile vile, kama mtu hawezi kuacha sauti kali.

Utafiti mwingine wa Kyla Haimovitz na Dweck, wa mwaka 2016, waonyesha kwamba watoto hawasomi sana yale mzazi ayaaminiyo juu ya akili. Husoma uso wake wakati wa kushindwa. Jambo hili nimeliona kwa macho. Yuko karani mwenzangu aliyeshindwa mtihani wa uhasibu mara mbili. Mara ya pili alirudi nyumbani na matokeo, akawaonyesha watoto, akaketi mezani jioni ile ile na kufanya tena maswali yaliyomshinda, huku watoto wakifanya yao upande wa pili wa taa. Watu wa ofisini walimcheka. Mimi nilimwomba ruhusa nije nione meza hiyo, na nyumbani kwangu iko sasa meza ya namna hiyo, ijapokuwa nusu yake imejaa nguo za kupigwa pasi.

Kwenye meza hiyo nilimwambia mwanangu anieleze, si jibu, bali jinsi alivyofikiri. Swali lilikuwa nusu kuongeza theluthi. Alikuwa ameandika mbili kwa tano. Ilionekana kwamba alijumlisha namba za juu, kisha akajumlisha za chini. Kosa lenye mpango kamili, si la mtu mzito. Nikaleta kipimo cha maziwa. Nusu ya lita ni mililita 500. Mbili kwa tano ya lita, tukapiga hesabu pamoja, ni 400. Nikamwuliza, "Basi ulikuwa na nusu lita, nikakuongezea maziwa, ukabaki na pungufu ya nusu lita?" Alitazama kipimo kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akasema, "Baba, umeninyang'anya mililita mia." Ilituchukua siku nne kufika kwenye sita za chini na tano za juu, na siku ya tatu alikasirika akaondoka mezani, nami nikamwacha aondoke.

Muhula huu ripoti yake imesema "kukaribia." Kujumlisha sehemu anajua. Kutoa bado kunampa taabu, hasa akitakiwa kukopa kutoka kwenye namba nzima, na jana usiku alinirudisha nyuma mimi mwenyewe kwa swali ambalo sikuwa na jibu lake. Dada yake alikuwa akisikiliza. Alivuta kiti, akachukua kalamu, akasema kwamba yeye pia hajui, lakini tujaribu.